Zoezi la Simba Asiyetajwa

Igogo, Mwanza
6 Februari 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe, Bibi Bernadeta na wote wa hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ila tumbo hunisumbua kila Jumatatu, na siku hizi naona kama Jumatatu zimeongezeka. Mwambie Bibi betri za redio nimempa Ngosha wa kivukoni. Ni nne. Akileta mbili, Bibi amkazie macho tu, hizo nyingine zitatoka. Dada Rose anakusalimu. Wale wakwe bado wanabishania ng'ombe mmoja wa mahari yake, mwenye pembe iliyovunjika.

Baada ya salamu, kuna jambo. Shirika letu la Vitabu linauzwa. Mnunuzi hatumjui, wala hatujui anatoka wapi, kwa hiyo tunamwogopa kwa pande zote. Meneja wetu, Bwana Chenge, anaandaa orodha ya wafanyakazi watakaobaki na watakaopunguzwa. Anasema watabaki wenye manufaa. Kila mtu hapa sasa anatembea akiwa na karatasi mkononi ili aonekane ana manufaa.

Mimi nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha Darasa la Nne: hadithi za wanyama, msamiati na maswali ya ufahamu. Nilisema naiweza kabla sijafikiri. Shangazi, nakuomba ile hadithi ya Simba kugawa nyama, uliyonifundishia kusoma nyuma ya karatasi za kalenda. Niandikie pamoja na maneno magumu na maswali, kama ulivyokuwa ukifanya.

Meza ya jirani yangu, Tereza, iko tupu tangu Januari. Alikwenda nyumbani.

Tafadhali usiwaambie watu mnadani kwamba nina kazi nzito. Wakisikia nimeikosa, watasema sikuwahi kuwa nayo.

Ni mimi mwanao,
Obedi

*

Nyuma ya Busisi
27 Februari 1995

Obedi mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mguu wa Bibi unauma mvua ikikaribia, na mvua inakaribia kila siku halafu inabadili nia. Betri zilifika tatu. Ngosha anasema moja ilidondoka ziwani, na Bibi amemwambia basi samaki wa huko wanasikiliza taarifa ya habari.

Hadithi yako hii hapa. Simba, Fisi na Sungura waliwinda pamoja. Wakapata nyati, swala na kanga. Simba akasema, "Fisi, gawa." Fisi akasema, "Nyati ni wako, mzee. Swala wangu. Kanga wa Sungura." Simba akampiga kofi moja, jicho la Fisi likaruka likatua majanini. Kisha akasema, "Sungura, gawa wewe." Sungura akasema, "Nyati chakula chako cha mchana. Swala chakula chako cha jioni. Kanga utaamkia kesho asubuhi." Simba akacheka. "Nani amekufundisha kugawa vizuri hivi?" Sungura akajibu, "Jicho la Fisi, lile pale majanini."

Maneno: gawa, fungu, haki, kofi. Usiwape maana kwanza. Mimi huleta muhogo mmoja darasani, nawaita watatu mbele, namwambia mmoja agawe. Wakimaliza kugombana, neno "fungu" wamekwisha kulielewa, na "haki" imebaki kidogo. Ndipo wasome. Maswali: Nani alichukua nyama yote? Fisi alikosa nini? Sungura alifundishwa na nani?

Nina watoto tisini na sita, wote sakafuni. Hujaniuliza habari za madawati, nami sijakuambia.

Tereza alikwenda nyumbani kufanya nini? Mtu hana likizo ya miezi miwili.

Shangazi yako,
Mwalimu Sabina

*

Igogo
3 Aprili 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni na ukame. Huku joto ni jingi, na harufu ya viwanda vya samaki inaingia ofisini bila kubisha hodi. Pembe ya ng'ombe imekwisha. Sasa wanabishania mkia.

Hadithi yako ilijadiliwa kwenye kikao. Nilikuwa mwandishi wa kikao, kwa hiyo maneno ninayo.

Meneja alivaa miwani, akauliza, "Simba huyu ni nani?"

Nikasema, "Ni simba, mzee. Wa porini."

"Pori la nani? Mnunuzi wetu unamjua? Kama nembo ya kampuni yake ni simba je? Anafungua ukurasa wa kwanza anajikuta anampiga mtu kofi!"

Bwana Salehe wa ugavi akasema tuweke chui.

"Mwaka wa uchaguzi huu, Salehe. Vyama ni vingi, hatujui nani atamchukua chui."

"Mamba?"

"Mamba anakaa ziwani. Wenye viwanda vya minofu nao wanakaa ziwani."

"Basi tembo," akasema Bwana Salehe. Kisha akatazama tumbo la Meneja, akaliondoa pendekezo mwenyewe kabla halijaandikwa.

Wakakaa kimya, wakanitazama. Shangazi, mimi nikinyamaziwa huwa nasema chochote. Nikasema, labda tusimtaje kabisa. Tuweke mstari, na juu yake tuandike: Jaza nafasi kwa neno linalofaa. Ni mbinu nzuri ya kufundishia msamiati, na sisi hatutakuwa tumemtaja mtu.

Meneja akavua miwani. "Kijana huyu," akasema, "ana akili ya kubaki."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Ya kubaki.

Kofi nalo limerekebishwa kidogo. Sasa inasomeka hivi: "______ alimpa Fisi maelekezo, kisha akachukua mafungu yote." Jicho limeondolewa. Fisi amepata mafunzo tu.

Zoezi litajaribiwa katika shule tatu: moja ya hapa Igogo, moja ya Kisesa, na yako. Karatasi za stensili nampa Ngosha. Watoto waandike hapo hapo, wewe usisahihishe, halafu zirudi kwangu. Madawati yamefika?

Habari za Tereza sina zaidi.

Obedi

*

Nyuma ya Busisi
9 Mei 1995

Obedi mwanangu,

Marahaba. Bibi aliomba nimsomee barua yako mara mbili. Nilipofika kwenye "Fisi amepata mafunzo" akauliza kama siku hizi kwenda kupigwa kunaitwa semina.

Nimetumia karatasi zenu. Zamani nilipouliza nani alichukua nyama yote, darasa zima lilisema "Simba!" wakakimbia kucheza. Simba ametubebea makosa ya watu wengi miaka mingi na hajawahi kulalamika. Ninyi mmempunguza kazini.

Neno "fungu" liliwasumbua kidogo, maana muhogo nilikosa. Moza, binti wa yule mchuuzi wa samaki, akanyoosha mkono. "Mwalimu, minofu inapanda ndege, mapanki yanapanda baiskeli. Hayo ndiyo mafungu." Nimempa vema. Kweli, hapa tunachokiona cha sangara ni mgongo na kichwa tu.

Tulipofika kwenye mstari, Moza akauliza tena.

"Mwalimu, hapa anatakiwa mnyama au mtu?"

"Soma maelekezo."

"Yanasema neno linalofaa. Linalofaa kuchukua mafungu yote?"

"Ndivyo yanavyosema."

"Aa, basi namjua."

Akainama, na darasa zima likainama. Sijawahi kuona watoto wakiandika kwa ukimya vile. Kwenye maswali yangu huwa wanachunguliana. Safari hii hakuna aliyechungulia.

Mwishoni yule Yassin, anayechelewa kila siku kwa ajili ya ng'ombe, akauliza, "Mwalimu, na Sungura alikula nini?" Nikamwambia hadithi haisemi. Akasema, "Basi alilala njaa, na bado akasifiwa." Swali hilo sikuwahi kulifikiria, na hadithi hii naifundisha mwaka wa ishirini na mbili.

Karatasi zote hizi hapa, sijagusa. Nani wamemwandika utasoma mwenyewe.

Umeuliza madawati. Mbao wazazi walichanga mwaka juzi. Ziko salama. Zimepakwa rangi ya bluu na zina kufuli.

Shangazi yako

*

Igogo
12 Juni 1995

Shangazi,

Shikamoo. Samahani salamu ni fupi. Wote ni wazima. Mkia umekwisha.

Nimezisoma. Watoto sabini na mmoja wameandika "Bwana Masalu". Huyu si ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule yenu? Na lile duka lake jipya la mbao pale njia panda, nililoliona Krismasi, si la bluu? Kumi na wawili wameandika "mwenyekiti", kwa heshima. Yassin ameandika "wewe unamjua".

Nikasema hilo ni la Busisi, nitalieleza. Nikafungua za Kisesa: wamemwandika mtu wa lambo la kunyweshea ng'ombe, pamoja na namba za gari lake. Nikafungua za hapa Igogo. Shangazi, uwanja wa mpira wa shule ile ulizungushiwa uzio mwaka jana, na malori ya samaki hupakilia humo. Sikujua ni nani aliyeuzungushia. Watoto wanajua. Mtu huyo nakaa naye ukuta mmoja, na sasa hivi namsikia akikohoa.

Niliweka mstari ili tusimtaje mtu. Sasa nina mkoba wenye majina ya wakubwa wa pande zote za ziwa, na umeandaliwa na mimi.

Ijumaa ya wiki ijayo mnunuzi analeta wageni. Meneja anataka taarifa ya zoezi na mifano ya karatasi za watoto mezani. Niambie nifanye nini. Karatasi nimezificha chini ya godoro, na silali vizuri kwa sababu ya majina na kwa sababu ya kipande cha chuma cha kitanda.

Ichome barua hii. Au mpe Bibi, maana hajui kusoma.

O.

*

Nyuma ya Busisi
19 Juni 1995

Obedi,

Marahaba. Usiguse hata herufi moja. Watoto wamesoma wakaelewa; hiyo ndiyo maana ya ufahamu. Ukiogopa kuonyesha, sema zimelowa kivukoni. Uongo huo ni wako, hauwagusi wao. Lakini kalamu yako isiingie kwenye kazi ya mtoto.

Kivuko kimeharibika tangu jana. Ngosha amekaa ufukweni anasuka kamba. Namwachia barua hii, Mungu aipe miguu.

Sabina

*

Igogo
10 Julai 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba Bibi anaendelea vizuri na mguu wake. Huku upepo wa ziwani umeanza kupoza mambo. Rose ataolewa Septemba, Mungu akipenda. Ng'ombe wamekamilika.

Barua yako ya tarehe 19 Juni imenifikia tarehe 5 Julai.

Yote yalikwenda salama. Wageni walifurahi sana. Bwana Chenge aliwasomea taarifa mwenyewe: shule tatu, watoto mia mbili na themanini, na wote wamejaza jibu sahihi, "Simba". Mgeni mmoja alisema hajawahi kuona ufahamu wa kiwango hicho mahali popote. Akauliza, kama wote wanajua ni simba, kwa nini mmeweka mstari? Meneja akasema ndiyo mbinu yenyewe.

Orodha imebandikwa. Nimo. Nimepewa na ile meza ya Tereza, ina droo mbili.

Nawarudishia watoto karatasi zao. Wote wamepata maksi zote. Wape pongezi zangu.

Wako,
Obedi

*

14 Agosti 1995

Obedi mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo. Harusi ya Rose tutakuja, nimekwisha kumpigia pasi gauni Bibi, naye amekwisha kulikunja tena.

Karatasi niligawa Jumatatu. Nilisema, "Mmepata zote." Hakuna aliyepiga makofi.

Moza alisimama. "Mwalimu, mimi niliandika kwa penseli. Hii ni wino."

Mwingine akasema, "Mimi 'Simba' sijaandika, hata kuiandika siwezi vizuri hivi."

"Labda Simba mwenyewe alikuja akafuta," akasema wa nyuma.

"Simba hana kifutio!"

Walicheka, nami niliwaacha wacheke. Yassin alipeleka karatasi yake dirishani, akaitazama kwa mwanga. Alama za penseli bado zinaonekana chini ya wino. Wote wakaenda dirishani. Somo zima lilikuwa hilo: watoto tisini na sita wakisoma kilichofutwa. Wamesoma vizuri kuliko siku nyingine yoyote.

Mimi sikuhitaji mwanga. Niliitambua ile S yenye mkia mrefu. Niliifundisha mwenyewe, nyuma ya karatasi za kalenda.

Nisingependa kukuandikia linalofuata, lakini utalisikia kwa Ngosha akiwa amelitia chumvi. Bwana Masalu aliitisha kamati mwezi Juni. Watoto walikuwa wameimba jina lake njiani na wakubwa wakacheka. Aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, zoezi hili la kutukana watu nani kaliandaa?" Angeambiwa limetoka shirikani Mwanza, angekwenda huko huko, na jina lingepatikana siku hiyo hiyo.

Nafasi hiyo niliiacha wazi.

Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao sitakuwa hapa. Nimehamishiwa kisiwani. Nasikia shule ina vyumba viwili na kitabu kimoja, na watu wake ni wakarimu. Bibi atabaki na jirani. Usiulize zaidi, na usilie kwenye karatasi, wino unachuruzika.

Kwa kuwa wewe ulikuwa mwanafunzi wangu kabla hujawa mtu mwenye droo mbili, nakupa zoezi. Jibu kwa sentensi kamili.

Jaza nafasi: ______ aliandaa zoezi lile.

Maswali: Sungura alifundishwa na nani? Sungura alikula nini siku ile?

Mwalimu wako,
Sabina

*

Ofisini, Mwanza
2 Oktoba 1995
Asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Kwenye harusi ya Rose hatukuzungumza. Nilikuona ukimlisha Bibi pilau, nikaenda kusimama kwa wapiga ngoma, mahali ambapo mtu hawezi kuulizwa kitu akasikia. Nisamehe.

Nimejibu zoezi mara nne na kulichana mara nne. Hili ni la tano.

Sungura alifundishwa na Tereza. Tereza aliuliza kwenye kikao mwezi wa Januari rimu za karatasi za Kisesa zilikwenda wapi, akageuka akanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika hati ya kuzitoa. Nilijua jibu lake. Nikainama nikachonga penseli. Saa nane mchana alikuwa kwenye ngazi na mfuko wake. Sijapigwa kofi hata siku moja hapa. Kujifunza nilijifunza vizuri sana.

Sungura hakula kitu siku ile. Alipewa droo mbili, na zote ni tupu.

Leo nimekuja kabla ya wengine. Nimepiga chapa barua moja, nakala tatu. Inasema kwamba zoezi la kujaza nafasi niliandaa mimi. Kwamba Mwalimu Sabina alifuata tu maelekezo ya juu ya karatasi, na hastahili uhamisho. Kwamba majibu ya watoto mia mbili na themanini nilifuta mimi, kwa kifutio changu, kwa siku nne. Na kwamba majibu yao yanaweza kusomwa bado kama karatasi zikishikwa kwenye mwanga. Sikumtaja yeyote aliyeandikwa na watoto. Nimeacha mstari, nikaandika: tazama kwenye mwanga.

Nakala moja Ngosha ataipeleka kwa kamati ya shule yenu. Moja inakwenda kwa waliokuhamisha. Ya tatu nimeiweka mezani kwa Bwana Chenge, juu ya miwani yake, ili asiseme hakuiona.

Sijui kama itakurudisha. Naogopa, Shangazi, tumbo linafanya kama Jumatatu, na leo ni Jumatatu kweli. Nimeweka vitu vyangu kwenye mfuko: kikombe, kalamu mbili na kifutio. Kifutio nimekiangalia, nikakiacha kwenye droo.

Meneja amefika. Namsikia anamwambia Bwana Salehe kwamba wageni watarudi mchana, wanataka kuona kijitabu. Anavuta kiti. Sasa amenyamaza. Miwani amevaa, maana akinyamaza hivyo huwa anasoma.

Jibu la kwanza nimelibakiza mwisho kwa sababu lilikuwa gumu. Nimeliandika kwa wino, na S haimo, kwa hiyo mkia hutauona:

Obedi Luhaga aliandaa zoezi lile.

Sahihisha, usinihurumie maksi. Naishia hapa, ninaitwa.